Misemo ya Mkimbizi

Hadithi za asili ya misemo ya Kiingereza zina wateja wengi, na nyingi ni za kubuni. Mwaka 1999 ulizunguka duniani ujumbe wa barua pepe uliodai kueleza maisha ya Waingereza wa miaka ya 1500. Kwa mujibu wa ujumbe huo, mbwa na paka walikuwa wakilala juu ya mapaa ya nyasi. Mvua ikinyesha wanateleza na kuanguka, ndipo watu wakaanza kuita mvua kubwa “raining cats and dogs”. Ukaongeza kwamba maiti walizikwa na uzi mkononi, uzi uliofungwa kwenye kengele juu ya kaburi, ili aliyezikwa hai kwa bahati mbaya apate kuivuta. Eti huo ndio mwanzo wa “saved by the bell”. Ukweli ni kwamba kengele hiyo ni ya ulingo wa ngumi. Mwishoni mwa karne ya 19, bondia aliyekuwa akipepesuka aliokolewa na kengele ya kumaliza raundi. Na msemo wa mbwa na paka ulianza kuandikwa katikati ya karne ya 17, bila paa lolote kuhusika.

Misemo mingi haina mwenyewe. Ilizaliwa sokoni, melini au jikoni, na ilipofika kwenye karatasi aliyeianza alikuwa amekwisha kuoza. Lakini liko fungu moja ambalo kwalo tunajua nani aliandika, katika mji gani, mwaka gani, na hata alikuwa akinywa bia ya namna gani. Meneja wa Nairobi anaposema uamuzi umetoka kwa “the powers that be”, mwandishi wa London anapoandika kwamba waziri fulani amefanywa “scapegoat”, mzee anapotikisa kichwa na kusema mambo haya ni “signs of the times”, wote watatu wanatumia maneno yaliyoandikwa na mkimbizi mmoja. Mtu huyu alikaa ugenini miaka 12, akachapisha vitabu vyake kwa kujificha, na mwishowe akanyongwa na mwili wake kuchomwa moto. Jina lake William Tyndale.

Alizaliwa yapata mwaka 1494 katika jimbo la Gloucestershire, magharibi mwa Uingereza, nchi ya kondoo, sufu na mashamba. Alisoma Oxford, akapata shahada ya kwanza mwaka 1512 na ya pili 1515. Kipaji chake kilikuwa lugha. Mjerumani msomi aliyekutana naye miaka ya baadaye alieleza kwamba Mwingereza huyu anajua lugha saba, na kwa yoyote anayoizungumza ungedhani ndiyo aliyonyonya kwa mamaye.

Wakati huo Biblia iliyosomwa kanisani Uingereza ilikuwa ya Kilatini. Tangu mwaka 1409, chini ya Askofu Mkuu Thomas Arundel, ilikuwa ni marufuku kutafsiri Maandiko kwa Kiingereza, au hata kusoma tafsiri mpya, bila idhini ya askofu. Marufuku hiyo iliwalenga wafuasi wa John Wycliffe, ambao miaka ya 1380 walikuwa wameitoa Biblia katika Kilatini na kuiandika kwa Kiingereza, nakala moja moja kwa mkono. Wycliffe mwenyewe alifia kitandani mwake mwaka 1384. Mwaka 1428 Kanisa likafukua mifupa yake na kuichoma. Ukiona watu wanachoma mifupa ya mtu aliyekufa miaka 44 iliyopita, ujue jambo hilo wanaliogopa kweli.

Mambo mawili yalikuwa yamebadilika tangu Wycliffe. Mitambo ya kuchapa vitabu ilikuwa imeenea Ulaya nzima, kwa hiyo kilichokuwa kikimchukua mwandishi miezi mingi sasa kilitoka kwa maelfu. Na mwaka 1516 msomi Erasmus alichapisha mjini Basel Agano Jipya la Kigiriki, lugha ambamo liliandikwa. Mfasiri hakulazimika tena kunywa maji ya mtoni wakati chemchemi imefunuliwa.

Tyndale aliporudi kwao Gloucestershire, akapata kazi ya kufundisha watoto wa Sir John Walsh katika nyumba ya Little Sodbury. Makasisi wa eneo hilo walikuwa wakija kula, na mazungumzo ya mezani yaligeuka mabishano. John Foxe, aliyekusanya habari za wafia dini wa Kiprotestanti na kuzichapisha mwaka 1563, anasimulia kwamba siku moja msomi mmoja alifika mahali pa kusema afadhali watu wakose sheria ya Mungu kuliko kukosa ya Papa. Tyndale akamjibu kwamba Mungu akimjalia uhai, atafanya kijana anayeswaga ng'ombe wa plau ayajue Maandiko kuliko yeye.

Ni jibu la kiburi, lakini ndilo linaloeleza kila kitu kilichofuata. Kijana wa plau hakuwa mfano wa mezani tu. Ndiye msikilizaji ambaye Tyndale alimwandikia maisha yake yote, na ndiyo sababu misemo yake ni mifupi, yenye maneno ya shambani na jikoni, isiyohitaji shule kuishika. Wasomi wa zama zake walipoandika Kiingereza walikipamba kwa Kilatini mpaka kikalemewa. Yeye alikivua mapambo.

Mwaka 1523 akaenda London kuomba kibali kwa askofu wa mji huo, Cuthbert Tunstall, mtu mpole na msomi, rafiki wa Erasmus. Alibeba hotuba ya Isocrates aliyoitafsiri kutoka Kigiriki ili kuonyesha kwamba kazi anaiweza. Tunstall akamjibu kwa adabu kwamba nyumba yake imejaa; ajaribu kwingine. Aliyempokea ni mfanyabiashara wa vitambaa, Humphrey Monmouth, akakaa kwake karibu nusu mwaka. Miaka michache baadaye Monmouth alitiwa ndani kwa ajili hiyo, na katika kujitetea akaeleza kwamba mgeni wake alikuwa akisoma usiku na mchana, akipenda nyama ya kuchemsha tu na bia nyepesi. Nimesoma maelezo mengi ya watu wakubwa wa karne ile, lakini ni machache yanayomsogeza mtu karibu kama hayo ya mfanyabiashara aliyekuwa akitetea ngozi yake.

Mwaka 1524 Tyndale akavuka bahari kwenda Hamburg, na Uingereza hakuiona tena.

Mwaka uliofuata alikuwa Cologne na msaidizi wake, William Roye, katika karakana ya mchapaji Peter Quentell. Kurasa za Injili ya Mathayo zilikwisha kuanza kutoka. Kwa bahati mbaya, karakana hiyohiyo ilikuwa ikichapa vitabu vya Johannes Cochlaeus, padri aliyemchukia Luther, kiongozi wa Waprotestanti wa Ujerumani, kuliko ukoma. Cochlaeus akawasikia wachapaji wakijigamba kwamba karibuni Uingereza yote itakuwa ya Luther, wapende wasipende mfalme na kadinali wao. Akawakaribisha nyumbani kwake, akawamiminia mvinyo. Mvinyo ulipopanda, mmoja akamwaga siri yote: nakala 3,000 za Agano Jipya la Kiingereza ziko mtamboni, fedha zinatoka kwa wafanyabiashara Waingereza, na mzigo utaingizwa kwa siri. Cochlaeus mwenyewe aliyaandika haya baadaye kwa fahari. Akapeleka habari kwa wakuu wa mji, kazi ikasimamishwa. Lakini Tyndale na Roye walikuwa wamepata fununu. Wakakusanya karatasi zilizokwisha kuchapwa, wakapanda chombo na kupandisha Mto Rhine hadi Worms.

Huko Worms, mwaka 1526, mchapaji Peter Schoeffer akalitoa Agano Jipya zima. Kilikuwa kitabu kidogo cha kutosha mfukoni, hakina jina la mfasiri. Kikaingia Uingereza ndani ya marobota ya vitambaa, kikishushwa bandarini pamoja na bidhaa halali. Wauzaji wa London, mafundi cherehani na wanafunzi wa Oxford wakakipitisha mkono kwa mkono.

Humo ndimo misemo ilimo. Tuutazame kwanza ule wa “the powers that be”, kutoka sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, pale Paulo anapozungumzia utii kwa mamlaka. Kigiriki kinasema kwa ufupi mamlaka “zilizopo”. Katika Kiingereza cha mwaka 1526, neno “be” lilikuwa sahihi kabisa hapo. Leo si sahihi tena. Mtoto wa shule akiandika hivyo kwenye insha atachorwa mstari mwekundu. Hata hivyo msemo umebaki na sarufi yake ya kale, na umepata maana ya pembeni: hutumiwa kwa kejeli kidogo, kuwataja wakubwa wanaoamua mambo bila kuonekana. Na aliyeandika kwamba mamlaka zilizopo zinatoka kwa Mungu, mamlaka zilizokuwapo ndizo zilizomuua.

Mwingine uko sura ya pili ya waraka huohuo: “a law unto themselves”. Huu umegeuka juu chini. Paulo anawasifu watu wa mataifa ambao hawakupewa Torati ya Musa, lakini wanatenda mema kwa sababu sheria imeandikwa mioyoni mwao. Wao wenyewe ni sheria kwa nafsi zao. Mwingereza wa leo akisema hivyo juu ya jirani yake anamlaumu. Anamaanisha mtu asiyesikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Sifa imekuwa lawama, na wengi wanaousema hawajui kwamba ulianza kama sifa.

“Filthy lucre”, mapato machafu, ulitoka katika maonyo kwa viongozi wa kanisa wasipende fedha ya aibu. Sasa watu huutumia kwa mzaha hata kwa mshahara halali. “Fight the good fight” umekuwa wa wanasiasa na makocha. “Eat, drink and be merry” ni maneno ya tajiri mjinga katika Injili ya Luka aliyeambiwa usiku uleule kwamba roho yake inatakiwa, ingawa mabango ya baa yanayoutumia hayataji mwisho wa kisa.

Tunstall, yule aliyekuwa na nyumba iliyojaa, alihubiri dhidi ya kitabu hicho mjini London mwaka huohuo wa 1526, akadai kimejaa makosa kwa maelfu, na nakala zikachomwa hadharani. Kisha akatafuta njia ya kuzimaliza zote. Edward Hall, mwandishi wa tarehe za Uingereza, anasimulia kwamba askofu alipokuwa Antwerp alimpata mfanyabiashara aitwaye Augustine Packington, akamwagiza anunue kila nakala atakayoipata kwa bei yoyote. Packington alikuwa rafiki wa Tyndale. Akaenda moja kwa moja kwake na kumwambia amempatia mnunuzi. Nani? Askofu wa London. Tyndale akafurahi: vitabu vitachomwa, dunia itapiga kelele, naye atalipa madeni na kuchapa toleo jipya lililosahihishwa vizuri zaidi. Ikawa hivyo, anasema Hall: askofu akapata vitabu, Packington akapata shukrani, Tyndale akapata fedha. Hall alipenda kisa kinoge, kwa hiyo sitakiapia kila kipande chake.

Mpinzani mkubwa zaidi wa Tyndale alikuwa Thomas More, mwandishi wa Utopia na baadaye mshauri mkuu wa mfalme. Tangu 1529 More aliandika dhidi ya Tyndale mamia kwa mamia ya kurasa, mengi ya matusi. Lakini hakuwa mpumbavu, na aliona hatari ilipo. Mahali ambapo Kanisa lilitaka “priest”, Tyndale aliandika “senior”, na baadaye “elder”, yaani mzee. Penye “church” aliandika “congregation”, kusanyiko la watu. Penye kufanya kitubio, ambacho huhitaji padri, aliandika kutubu, ambako mtu anaweza kufanya peke yake chumbani. Kigiriki kilimpa Tyndale haki. Nguzo za Kanisa zilitingishwa na maneno matatu manne, na More alizisikia zikilia.

Tyndale hakusubiri ugomvi uishe. Alikuwa amejifunza Kiebrania ugenini, lugha ambayo Uingereza ya wakati huo karibu hakuna aliyeijua, na Januari 1530 zikatoka chapa za vitabu vitano vya Musa. Ukurasa wa mwisho wa Mwanzo ulitaja mchapaji Hans Luft wa Marburg. Ilikuwa danganya toto, vilichapwa Antwerp.

Miaka miwili kabla, katika kitabu chake juu ya utii wa Mkristo, alikuwa ameandika kwamba Kiebrania kinapatana na Kiingereza mara elfu kuliko kinavyopatana na Kilatini. Alikuwa amegundua jambo. Kiebrania hupenda sentensi fupi zinazounganishwa na “na... na... na...”, kama msimuliaji wa hadithi barazani. Hupenda pia kufunga jina na jina: unono wa nchi, ndege wa angani, wanyama wa mwituni. Kilatini kilivilainisha vyote hivyo. Tyndale aliviacha vilivyo, na masikio ya Waingereza yakavipokea kana kwamba ni vyao.

Ndivyo Farao alivyowaahidi ndugu zake Yusufu “the fat of the land”, na mpaka leo mtu anayekula raha bila jasho husemwa anaishi kwa mafuta hayo ya nchi. Ndivyo Kaini alivyouliza kama yeye ni “my brother's keeper”, swali la muuaji ambalo siku hizi hutumiwa kuwahimiza watu wasaidiane. “Let there be light” ni maneno manne ya silabi moja moja. Kijana wa plau angeweza kuyasema bila kusimamisha ng'ombe.

“The apple of his eye”, kutoka Kumbukumbu la Torati, una kisa kirefu kidogo. Kiebrania kinasema “mtu mdogo wa jicho”, kwa maana ukitazama kwa karibu mboni ya mwenzako unajiona humo, mdogo kama kidole. Waingereza tangu zama za Mfalme Alfred waliita mboni tufaha, wakidhani ni kitu kigumu cha mviringo. Tyndale akaona tufaha la jicho la kwao linatosha. Sisi tuna mboni ya jicho, na mtu akimwita mwanawe hivyo hana haja ya kueleza zaidi.

Lakini hakuna neno lake lililosafiri mbali kama “scapegoat”. Katika sura ya 16 ya Walawi, Siku ya Upatanisho, Haruni anapiga kura juu ya mbuzi wawili. Mmoja ni wa Bwana, naye anachinjwa. Wa pili ni wa “Azazeli”. Kuhani anaweka mikono juu ya kichwa chake, anaungama dhambi za taifa zima, kisha mbuzi anaongozwa hadi jangwani na kuachwa huko na mzigo wake. Azazeli ni nani au ni nini? Wako waliosema ni jini wa jangwani, wako waliosema ni jina la mahali. Watafsiri wa kale wa Kigiriki na wa Kilatini waliligawa neno vipande viwili na kupata “mbuzi anayekwenda zake”. Tyndale akafuata njia hiyo na kubuni neno jipya, mbuzi wa kutoroka, kwa sababu “scape” lilikuwa umbo fupi la kutoroka.

Inaelekea alikosea. Watafsiri waliotoa Biblia ya Kiingereza iliyorekebishwa mwaka 1885 waliliondoa neno hilo na kurudisha Azazeli, na Biblia ya Kiswahili ya Muungano nayo inasema Azazeli. Lakini neno lilikwisha kutoka zizini. Kufikia karne ya 19 lilikuwa limeacha kuwa mbuzi na kuwa mtu: yule anayebebeshwa makosa ya wenzake. Magazeti yetu hulitafsiri “mbuzi wa kafara”, na hapo kuna jambo la kuchekesha, kwa kuwa mbuzi wa kafara huchinjwa, ilhali yule wa Walawi ndiye pekee kati ya wawili aliyeondoka na roho yake. Hata hivyo nadhani magazeti yamepatia zaidi kuliko Biblia. Ofisa anayefukuzwa kazi kuokoa wakubwa zake anajiona kama aliyechinjwa, si kama aliyetoroka.

Ufasiri wa 1534 wa Agano Jipya, uliosahihishwa mstari kwa mstari, ndio bora wa maisha yake. Wakati huo alikuwa Antwerp, akikaa katika nyumba ya wafanyabiashara Waingereza chini ya ulinzi wa mwenyeji wake Thomas Poyntz. Ndani ya nyumba ile hakuna aliyeweza kumkamata. Mwaka 1535 akafika kijana Mwingereza aitwaye Henry Phillips, mtoto wa watu wazuri, aliyecheza kamari fedha za babaye zikaisha. Akajifanya rafiki. Poyntz hakumwamini, Tyndale alimwamini.

Tarehe 21 Mei 1535 Phillips alimkopa Tyndale shilingi 40, kisha wakatoka pamoja kwenda kula chakula cha mchana. Njiani kuna uchochoro mwembamba wa kupita mmoja mmoja. Phillips, aliyekuwa mrefu, kwa heshima nyingi akamtanguliza Tyndale, aliyekuwa mfupi, na walipotokeza kwa askari akamnyooshea kidole juu ya kichwa chake ili wajue ni yupi. Wale askari walimwambia Poyntz baadaye kwamba walimhurumia walipoona jinsi alivyokuwa hana hila. Fedha alizopewa Phillips kwa usaliti huo zilitoka kwa nani, hilo wanahistoria bado wanabishana.

Akafungwa katika ngome ya Vilvoorde, karibu na Brussels, katika himaya ya Kaisari Charles wa Tano. Poyntz alihangaika kumtoa, akaishia kukamatwa yeye, akatoroka na biashara yake ikafa. Katika nyaraka za huko ilipatikana, karne tatu baadaye, barua moja ya Tyndale kwa Kilatini. Anaomba kofia yenye joto, kwa kuwa mafua hayampi nafasi, koti zito, kitambaa cha kutia viraka soksi zake ndefu, taa ya jioni, kwa kuwa inachosha kukaa peke yake gizani. Na zaidi ya vyote, Biblia ya Kiebrania, sarufi ya Kiebrania na kamusi ya Kiebrania. Kazi ilikuwa bado. Ayubu, Zaburi na manabii wengi hawajatafsiriwa.

Hakuwafikia. Alihukumiwa kwa uzushi, akavuliwa ukasisi, na mwanzoni mwa Oktoba 1536 akafungwa kwenye nguzo, akanyongwa kwa kamba, kisha moto ukawashwa. Foxe anaandika kwamba maneno yake ya mwisho yalikuwa sala: Bwana amfumbue macho mfalme wa Uingereza.

Mfalme huyo, Henry wa Nane, alikuwa amekwisha kuvunja na Roma kwa sababu zake za ndoa. Mwaka 1537, kabla ya mwaka wa kifo kutimia, aliruhusu iuzwe Biblia iliyoitwa ya Thomas Matthew. Matthew hakuwapo. Aliyeiandaa ni John Rogers, rafiki wa Tyndale, na sehemu kubwa yake ilikuwa kazi ya marehemu. Mwaka 1539 ikaja Biblia Kuu, iliyoamriwa iwekwe katika kila kanisa la nchi. Toleo moja la mwaka 1541 lilitangaza kwenye ukurasa wake wa kwanza kwamba limekaguliwa kwa amri ya mfalme na maaskofu wawili. Mmoja wao ni Cuthbert Tunstall. Maneno aliyoyachoma London sasa yalikuwa na jina lake juu.

Kisha mwaka 1604 Mfalme James akaitisha tafsiri mpya, na wasomi 47 wakaigawana kazi kwa miaka kadhaa hadi ilipotoka 1611. Hiyo ndiyo Biblia inayopewa sifa ya kuijaza lugha ya Kiingereza misemo. Sifa hiyo inahitaji kukatwa vipande. Mtaalamu wa lugha David Crystal alikaa akaipitia yote, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 2010 akahesabu misemo 257 ya Kiingereza cha leo iliyomo humo. Ni 18 tu ambayo haikuwamo katika tafsiri za kabla yake. Watafiti wengine walipima maneno, wakapata kwamba zaidi ya asilimia 80 ya Agano Jipya la 1611 ni ya Tyndale.

Si yote ni yake. “By the skin of my teeth” ni ya Ayubu, kitabu ambacho hakukifikia. Ilitokea katika Biblia ya Geneva ya 1560, kazi ya wakimbizi wengine. “The salt of the earth” ilikuwa tayari kwa watu wa Wycliffe. “In the twinkling of an eye” Waingereza waliisema miaka 200 kabla yake. Watafsiri wa Kiswahili walipofika hapo hawakuhitaji kukopa, kwani watu wa pwani walikuwa na lao: kufumba na kufumbua.

Na watafsiri hao walikuwa na bahati ambayo Tyndale hakuipata. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipoanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili huko Mombasa mwaka 1844, aliyemsaidia ni kadhi wa mji, Mwislamu msomi aliyekuwa na kila sababu ya kukataa. Nyumba ya kadhi haikuwa imejaa.

Kwa maoni yangu wale wasomi 47 walikuwa wasahihishaji hodari, na mwandishi alikuwa mmoja. Kamusi ya misemo inayoandika “kutoka Biblia ya Mfalme James, 1611” mbele ya “the powers that be” inakosea kwa miaka 85 na kwa mtu mzima aliyekufa kwa ajili yake. Katika maelfu ya nakala za Worms za 1526, zinajulikana tatu: moja Kanisa la Mtakatifu Paulo, London, moja Stuttgart, na moja Maktaba ya Uingereza, iliyoinunua mwaka 1994 kwa zaidi ya pauni milioni moja.